Bunge la India: Baraza Linalovunjwa na Baraza Lisilovunjwa

Kabla ya mwaka 1930, mtu aliyeshtakiwa kwa wizi mbele ya hakimu wa Mombasa au Dar es Salaam alihukumiwa kwa Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860. Waingereza hawakuona haja ya kutunga sheria mpya kwa kila koloni. Walizichukua zilizokuwa zikitumika Bombay na Calcutta wakazivusha bahari. Hata baada ya Kenya na Tanganyika kupata kanuni zao za adhabu, mahakama za Tanzania Bara ziliendelea kutumia sheria ya ushahidi ya India ya 1872 hadi ilipotungwa yetu mwaka 1967. Na anayeisoma leo Sheria ya Mikataba ya Tanzania bado anaiona ndani yake sura ya sheria ya India ya 1872.

India yenyewe iliishi na kanuni ile ya 1860 kwa zaidi ya miaka 160, hadi Desemba 2023 Bunge lake lilipoifuta na kuweka nyingine. Bunge hilo lina mabaraza mawili. Tofauti kubwa kati yake ni umri: moja hufa na kuzaliwa upya, kwa kawaida kila baada ya miaka mitano, na jingine halijavunjwa hata siku moja tangu lilipoundwa mwaka 1952. Mivutano mingi ya utungaji wa sheria nchini India chimbuko lake ni hapo.

Nani anakaa wapi

Bunge hukutana katikati ya New Delhi, katika jengo la pembetatu lililofunguliwa tarehe 28 Mei 2023. Pembeni yake limesimama jengo la zamani la duara, lililofunguliwa na Waingereza mwaka 1927, ambamo katiba ya India huru iliandikwa. Ukumbi wa Lok Sabha, yaani Baraza la Wananchi, umepambwa kwa rangi ya kijani na nakshi za tausi. Ule wa Rajya Sabha, Baraza la Majimbo, ni mwekundu, na pambo lake ni ua la yungiyungi. Kwa mujibu wa Katiba, Rais naye ni sehemu ya Bunge, kwa kuwa hakuna muswada unaokuwa sheria bila saini yake.

Lok Sabha ina wabunge 543, kila mmoja akitoka katika eneo lake la uchaguzi, na mwenye kura nyingi kuliko wenzake ndiye mshindi. Viti 84 vimetengwa kwa Wadalit, watu wa matabaka yaliyobaguliwa kwa karne nyingi, na 47 kwa makabila ya asili. Uchaguzi wa 2024 ulifanyika kwa awamu saba, kuanzia Aprili 19 hadi Juni 1, na zaidi ya watu milioni 640 walipiga kura. Baraza hili ndilo linaloweka serikali na ndilo linaloiondoa. Tarehe 17 Aprili 1999 serikali ya Atal Bihari Vajpayee ilianguka humo kwa tofauti ya kura moja: 269 kwa 270.

Rajya Sabha ina wajumbe 245, na mpigakura wa kawaida hamchagui hata mmoja. Wajumbe 233 huchaguliwa na wabunge wa mabaraza ya majimbo ya shirikisho. Tofauti na Marekani, ambako kila jimbo lina maseneta wawili, hapa viti hufuata wingi wa watu: Uttar Pradesh ina 31, ilhali Goa na Sikkim zina kimoja kimoja. Mjumbe hukaa miaka sita, na theluthi ya wajumbe hustaafu kila baada ya miaka miwili. Tangu mwaka 2003, mbunge wa jimbo anayepiga kura hii humwonyesha wakala wa chama chake karatasi kabla ya kuitumbukiza sandukuni. Utaratibu huo uliletwa ili kuzuia ununuzi wa kura, lakini umeongeza pia nguvu za viongozi wa vyama.

Wajumbe 12 waliobaki huteuliwa na Rais kwa sifa zao katika fasihi, sayansi, sanaa au huduma za jamii. Wapenzi wa filamu na nyimbo za Kihindi wa pwani yetu watawatambua baadhi yao: Nargis aliteuliwa mwaka 1980 na Lata Mangeshkar mwaka 1999. Mwandishi wa riwaya R. K. Narayan, aliyeteuliwa mwaka 1986, aliutumia wasaa wake kulalamikia uzito wa mabegi ya vitabu wanayobebeshwa watoto wa shule.

Lok Sabha huongozwa na Spika aliyechaguliwa na wabunge wenyewe. Rajya Sabha huongozwa na Makamu wa Rais wa nchi. Waziri Mkuu anaweza kutoka upande wowote, mradi Lok Sabha imuunge mkono: Manmohan Singh aliongoza serikali kuanzia 2004 hadi 2014 akiwa mjumbe wa Rajya Sabha kutoka Assam.

Safari ya muswada

Kwa kawaida Bunge hukutana mara tatu kwa mwaka: mkutano wa bajeti, mkutano wa msimu wa mvua na mkutano wa majira ya baridi. Muswada wa kawaida unaweza kuanzia upande wowote. Husomwa mara ya kwanza, hupelekwa kwenye kamati ikiamuliwa hivyo, hujadiliwa kifungu kwa kifungu katika hatua ya pili, kisha hupigiwa kura katika hatua ya tatu. Baada ya hapo unavuka kwenda baraza la pili na kuanza mzunguko uleule.

Tuifuate kanuni mpya ya adhabu. Serikali iliiwasilisha Lok Sabha Agosti 2023 pamoja na miswada miwili ya mwenendo wa kesi na ya ushahidi. Yote mitatu ilikwenda kwenye kamati ya kudumu ya mambo ya ndani. Kamati za aina hiyo ni 24, na kila moja ina wajumbe 31: 21 wa Lok Sabha na 10 wa Rajya Sabha. Mawaziri hawaruhusiwi kuwa wajumbe. Huko ndiko wabunge wa vyama vyote hukaa meza moja, wakiwaita wataalamu na kuuliza maswali bila kamera. Kamati ilitoa taarifa yake, serikali ikaiondoa miswada ile na kuirudisha Desemba ikiwa na marekebisho.

Tarehe 13 Desemba watu wawili waliruka kutoka jukwaa la wageni, wakaangukia ndani ya ukumbi wa Lok Sabha na kufyatua moshi wa njano. Upinzani ulidai waziri wa mambo ya ndani atoe kauli bungeni. Vurugu zilipozidi, wabunge 146 wa upinzani kutoka mabaraza yote mawili walisimamishwa. Viti vyao vikiwa vitupu, miswada mitatu ilipita Lok Sabha tarehe 20 na Rajya Sabha tarehe 21, kwa kura ya sauti: waliosema ndiyo wameshinda. Rais aliisaini tarehe 25, na tarehe 1 Julai 2024 sheria zikaanza kutumika.

Kamati ilifanya kazi yake, ukumbi haukufanya. Na hata kamati hizo zinapitwa siku hizi. Katika Bunge la 2009 hadi 2014, zaidi ya theluthi mbili ya miswada ilipelekwa kamatini. Katika lile la 2019 hadi 2024, ilikuwa chini ya mmoja kati ya mitano.

Ukumbini mbunge ana nafasi ndogo ya kwenda kinyume na chama chake. Tangu mwaka 1985, Katiba inamvua kiti mbunge anayehama chama au anayepiga kura kinyume na agizo la mnadhimu wake. Sheria hiyo ilikuwa dawa ya ugonjwa wa kweli: mwaka 1967 Gaya Lal, mbunge wa jimbo la Haryana, alibadilisha chama mara tatu ndani ya wiki mbili. Msomaji wa Tanzania hatashangaa, maana kwetu pia anayeacha kuwa mwanachama wa chama chake hupoteza ubunge.

Mabaraza yakigongana

Kwa kuwa theluthi tu ya Rajya Sabha hubadilika kila miaka miwili, chama kinachoshinda uchaguzi mkuu leo hukuta ng'ambo wajumbe waliotumwa na mabaraza ya majimbo ya miaka iliyopita. Wengi wao huenda ni wapinzani. Katiba imeweka njia tofauti za kumaliza ugomvi huo, kutegemea aina ya muswada.

Kwa muswada wa kawaida, baraza moja likiukataa, au likikaa nao kwa zaidi ya miezi sita, Rais anaweza kuyaita mabaraza yote mawili yakae pamoja na kupiga kura kama baraza moja. Kwa kuwa Lok Sabha ina watu zaidi ya mara mbili, mara nyingi mshindi anajulikana mapema. Hata hivyo njia hiyo imetumika mara tatu tu: mwaka 1961 kwa sheria ya kupiga marufuku mali ambayo familia ya bibi harusi hulazimishwa kumpa bwana harusi, mwaka 1978 kwa kufuta tume ya ajira za benki, na Machi 2002 kwa sheria ya kupambana na ugaidi, iliyopita kwa kura 425 dhidi ya 296.

Kwa mabadiliko ya Katiba, kikao cha pamoja hakiruhusiwi. Kila baraza lazima lipate peke yake theluthi mbili ya waliopiga kura, nao wawe zaidi ya nusu ya wajumbe wote. Hapa mabaraza ni sawa kwa sawa. Waziri Mkuu Indira Gandhi aliling'amua hilo mwaka 1970, alipotaka kufuta posho ambazo Katiba iliwaahidi watawala wa jadi waliokubali falme zao ziungane na India. Lok Sabha ilikubali. Rajya Sabha ilipiga kura 149 za ndiyo na 75 za hapana, na theluthi mbili ikakosekana kwa kura moja. Serikali ikajaribu kuwaondolea watawala hao utambuzi kwa amri ya Rais. Mahakama ya Juu ikaitengua. Indira Gandhi akaitisha uchaguzi, akashinda kwa kishindo mwaka 1971, na mwaka huohuo posho zikafutwa kwa njia ya Katiba.

Mwanawe Rajiv, naye akiwa Waziri Mkuu, alipata somo kama hilo. Alikuwa na wabunge zaidi ya 400 Lok Sabha, lakini mwaka 1989 muswada wake wa kuyapa mabaraza ya vijiji nafasi ndani ya Katiba ulikwama Rajya Sabha. Ulirudi kwa sura nyingine chini ya serikali iliyofuata baadaye, ukapita Desemba 1992. Rajya Sabha iliuchelewesha kwa miaka mitatu. Kuuzuia moja kwa moja haikuweza.

Milango ya pembeni

Serikali isiyo na wingi Rajya Sabha hutafuta pa kupitia. Mlango wa kwanza ni muswada wa fedha. Huo huanzia Lok Sabha tu, na Rajya Sabha hupewa siku 14 za kupendekeza marekebisho, ambayo Lok Sabha inaweza kuyatupa. Anayetamka kwamba muswada ni wa fedha ni Spika. Mwaka 2016 sheria ya Aadhaar, mfumo wa namba ya utambulisho unaochukua alama za vidole na mboni za macho, ilipitishwa kwa njia hiyo. Rajya Sabha ilipendekeza mabadiliko, na Lok Sabha ikayakataa siku hiyohiyo. Mwaka 2018 majaji wanne kati ya watano wa Mahakama ya Juu waliukubali utaratibu huo; wa tano, D. Y. Chandrachud, aliuita ulaghai dhidi ya Katiba. Wakenya wanaijua mivutano ya namna hii: Oktoba 2020 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitangaza sheria 23 kuwa batili kwa kuwa Seneti haikushirikishwa, uamuzi ambao ulikatiwa rufaa.

Mlango wa pili ni amri ya Rais yenye nguvu ya sheria, inayotolewa Bunge likiwa halikutani. Hufa wiki sita baada ya Bunge kurejea, isipopitishwa. Kuanzia Desemba 2014 serikali ya Narendra Modi iliitoa na kuirudia amri ya utwaaji wa ardhi, kwa sababu haikuwa na kura za kutosha Rajya Sabha. Wakulima walipinga, muda ukapita, na Agosti 2015 serikali ikaiacha.

Muswada uliokufa kwa kuvunjwa kwa Bunge

Ni rahisi kusema baraza lililochaguliwa na wananchi ndilo la mabadiliko, na lile la pili ni breki. Historia ya viti vya wanawake inakataa. Machi 2010 Rajya Sabha ilipitisha muswada wa kuwatengea wanawake theluthi ya viti vya Lok Sabha na vya mabaraza ya majimbo, kwa kura 186 dhidi ya moja. Muswada ukavuka kwenda Lok Sabha, ukakaa huko miaka minne bila kupigiwa kura, na Lok Sabha ilipovunjwa mwaka 2014 ukafa nayo. Ndivyo kanuni inavyosema: muswada ulioanzia Rajya Sabha na usiovuka hubaki hai hata uchaguzi ukija, lakini uliokwisha kuvuka huzikwa pamoja na Lok Sabha.

Septemba 2023 muswada mpya wa wanawake ulikuwa wa kwanza kuwasilishwa katika jengo jipya. Ulipita Lok Sabha kwa kura 454 dhidi ya mbili, na kesho yake Rajya Sabha kwa kura 214 bila pingamizi. Sheria iliyotoka iliwekewa sharti la kusubiri sensa na ugawaji mpya wa maeneo ya uchaguzi. Viti inavyovitenga ni vya Lok Sabha na vya mabaraza ya majimbo. Rajya Sabha, iliyoupitisha muswada miaka 13 kabla ya wenzake, haikuguswa.