Preampli ya Gitaa la Besi: Uteuzi na Marekebisho Yake katika Mazingira ya Kisangani

1.0 Utangulizi

Kisangani ni mji wa makutano. Kiswahili kiliufikia kutoka mashariki katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara, na mwaka 1887 Tippu Tip aliteuliwa kuwa gavana wa eneo hilo la Maporomoko. Lingala iliufikia kutoka magharibi, ikipanda mto pamoja na meli na askari. Muziki wa dansi wa magitaa ulifuata njia hiyo ya pili, nao mji haukukawia kuchangia. Abeti Masikini alizaliwa hapo mwaka 1954, na Koffi Olomide akazaliwa hapo mwaka 1956. Katika bendi za Kongo magitaa hugawana kazi: lipo la solo, la mi-solo, la kusindikiza, na la besi. Hilo la mwisho ndilo linalobeba jengo zima, kwani ngoma huliegemea na mchezaji hulifuata kwa miguu hata asipojua kwamba analifuata.

Hata hivyo, besi ndiyo sauti inayopotea kwa urahisi kuliko zote. Katika ukumbi wa harusi au kanisa, mara nyingi gitaa la solo husikika waziwazi ilhali la besi hutoa mngurumo usio na noti, au mlio mwembamba usio na uzito. Lawama huelekezwa kwa spika, na fedha nyingi hutumika kununua spika kubwa zaidi. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba mara nyingi hasara hutokea mapema zaidi, katika hatua ya kwanza ya safari ya sauti, na kwamba kifaa cha kuizuia ni kidogo na si ghali. Kifaa hicho ni preampli. Itaelezwa inafanya nini, huteuliwaje, na fundi anaweza kuirekebisha vipi katika mji wenye joto, unyevu na umeme usio wa kutegemewa. Mwishoni suala la istilahi litaguswa, kwa sababu jina la kifaa hiki limechangia kukifanya kisieleweke.

2.0 Kazi ya preampli

Watu wengi huamini kwamba preampli huongezwa ili sauti iwe kubwa. Imani hiyo ina ukweli kidogo tu. Kazi yake ya msingi ni kupokea ishara dhaifu ya umeme bila kuidhoofisha zaidi, kisha kuikabidhi kwa kebo na ampli ikiwa na nguvu ya kustahimili safari. Zipo preampli nzuri ambazo haziongezi ukubwa wa ishara hata kidogo.

Mfano wa mzigo unafaa hapa. Kila chanzo cha umeme kina ukinzani wake wa ndani, na kila kifaa kinachopokea kina ukinzani wake wa mlangoni. Kwa umeme unaogeukageuka kama wa sauti, ukinzani huo wote kwa pamoja huitwa impedansi. Mlango wenye impedansi ndogo ni mzigo mzito. Chanzo chenye kiloomu 10 kikiunganishwa na mlango wa kiloomu 10, nusu ya ishara hupotea papo hapo. Kanuni ya mafundi ni kwamba mlango uwe na impedansi isiyopungua mara kumi ya ile ya chanzo. Kilichopotea hapo hakirudi. Ampli ya mbele ikiongezwa nguvu, itakuza mabaki pamoja na kelele zote zilizoingia njiani.

3.0 Uteuzi kwa kufuata chanzo

Swali la kwanza la mnunuzi, basi, lihusu gitaa lenyewe kabla ya bei na chapa: ni kitu gani kinachogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme? Majibu makuu ni mawili.

3.1 Kinasa cha sumaku

Gitaa la besi la umeme, tangu Fender Precision Bass ya mwaka 1951, hutumia sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake, umeme huzaliwa katika koili. Kinasa hiki hakipotezi noti za chini kwa urahisi. Kinachokiumiza ni kebo. Kebo ya kawaida ya gitaa huwa na uwezo wa kuhifadhi chaji wa takriban pikofaradi 100 kwa kila mita. Kebo ya mita 6 ina pikofaradi 600, na ya mita 12 ina 1,200. Kadiri uwezo huo unavyoongezeka, ndivyo sauti za juu zinavyofifia, na besi hupoteza ule mguso wa kidole unaomwezesha msikilizaji kutofautisha noti moja na nyingine. Huo ndio mngurumo unaolalamikiwa.

Ikiwa kebo ni fupi na ampli ina mlango wa megaomu 1, gitaa la namna hii halihitaji preampli, na mwenye fedha chache azitumie kununua kebo bora. Ikiwa kebo ni ndefu, au gitaa linaingizwa moja kwa moja katika mlango wa kiloomu 10 wa meza ya kuchanganyia sauti, preampli ni ya lazima. Mwaka 1976 kampuni ya Music Man ilitoa besi ya StingRay ikiwa na preampli na betri ndani ya mwili wake, na mtindo huo umeenea sana. Mwenye gitaa la aina hiyo hana haja ya nyingine. Ahakikishe tu kwamba betri ni nzima.

3.2 Kinasa cha fuwele

Besi ya akustika, yenye mwili mpana wenye uwazi ndani, ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1972 chini ya jina la Earthwood. Kwa kawaida hutumia kipande cha fuwele kinachokaa chini ya daraja la nyuzi. Ndugu Jacques na Pierre Curie waligundua mwaka 1880 kwamba baadhi ya fuwele hutoa umeme zinapobanwa. Kinasa hiki hufanya kazi kama kapasita ndogo sana, na hapo ndipo ilipo hatari yake.

Tuseme kinasa kina pikofaradi 500. Kikiunganishwa na mlango wa megaomu 1, sauti zote zilizo chini ya herzi 318 huanza kupungua. Noti ya chini kabisa ya besi yenye nyuzi nne ina herzi 41 tu; kiasi cha msingi wa noti hiyo kinachopita ni kama sehemu moja kwa nane. Mlango ukiwa wa megaomu 10, mpaka huo hushuka hadi herzi 32, na noti ileile hupita kwa kiasi cha asilimia 79. Tofauti hii kubwa inatokana na rezista moja ya mlangoni. Kwa hiyo, preampli ya besi ya akustika iwe na impedansi ya mlango isiyopungua megaomu 10, na iwekwe karibu kabisa na kinasa, ikiwezekana ndani ya gitaa. Preampli iliyotengenezwa kwa ajili ya kinasa cha sumaku haifai hapa, hata ikiwa ya bei kubwa.

Besi ya akustika ina tatizo jingine: mwili wake hupokea sauti ya spika na kuirudisha, hata ukumbi ukajaa mlio usiokoma. Preampli yenye swichi ya kugeuza mwelekeo wa wimbi na kichujio cha kupunguza masafa mamoja yaliyochaguliwa husaidia sana. Kuziba tundu la gitaa kwa kifuniko cha mpira nako ni dawa ya zamani ambayo haijapitwa na wakati.

4.0 Umeme wa kuiendesha

Kisangani hupata umeme wake kutoka kituo cha maji cha Mto Tshopo, kilichojengwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya mji uliokuwa mdogo kuliko wa leo. Kukatika kwa umeme ni jambo la kawaida, na jenereta huwashwa mara kwa mara. Preampli inayotegemea umeme wa ukutani pekee itamwacha mpigaji njiani. Inayotumia betri ya volti 9 humfaa zaidi.

Lakini betri nayo ina gharama. Betri ya alkali ya volti 9 hubeba takriban miliampea-saa 500. Preampli nyingi hutumia kipande cha saketi chenye alama TL072, kinachokula kiasi cha miliampea 2.8, kwa hesabu hiyo betri hudumu saa 178 hivi. Ndugu yake, TL062, hula kiasi cha miliampea 0.4, na betri ileile hufika saa 1,250. TL062 ina kelele ya chinichini zaidi, na katika studio kelele hiyo husikika. Jukwaani, mbele ya ngoma na waimbaji, ni vigumu kuitambua. Mnunuzi asome kiasi cha matumizi ya umeme kabla ya kusoma sifa nyingine. Vilevile akumbuke kwamba katika preampli nyingi betri huanza kutumika pale jeki inapoingizwa. Gitaa lililolala usiku kucha na kebo yake huamka na betri iliyochoka.

Mwenye betri ya volti 12 ya gari au ya sola anaweza kuitumia kupitia kidhibiti cha 7809, kinachotoa volti 9 tulivu. Fyuzi ndogo ya nusu ampea iwekwe karibu na betri bila kukosa, kwani betri ya gari ikigusanishwa nyaya huweza kuwasha moto.

5.0 Marekebisho

Sehemu za akiba hufika Kisangani kwa njia ya mbali: kutoka Kinshasa kwa mto ni zaidi ya kilomita 1,700. Kurekebisha kilichopo, kwa hiyo, ni hitaji la kila siku. Marekebisho yafuatayo yanawezekana kwa chuma cha kulehemu risasi na kipimo cha kawaida cha umeme.

(a) Kuinua impedansi ya mlango. Rezista ya mlangoni ya megaomu 1 huondolewa na kuwekwa ya megaomu 10, ikiwa kipokezi ni transista ya aina ya FET au saketi ya TL072 au TL062.

(b) Kukagua kapasita ya kutokea. Kapasita ya mikrofaradi 0.1 ikikabili mlango wa kiloomu 10, hukata sauti kuanzia herzi 159 kwenda chini. Ikibadilishwa kuwa ya mikrofaradi 1, mpaka hushuka hadi herzi 16. Preampli nyingi zilizokusudiwa gitaa la solo huponywa kwa badiliko hili.

(c) Kubadilisha TL072 kwa TL062, kwa sababu zilizokwisha elezwa. Miguu yake imepangwa kwa namna moja.

(d) Kutumia betri mbili kwa mfululizo, yaani volti 18. Hili halizidishi ukubwa wa sauti. Huzidisha nafasi ya ishara kupanda kabla ya kuharibika, kwa kiasi cha desibeli 6. Kapasita zilizoandikwa volti 16 lazima kwanza zibadilishwe kwa za volti 25 au zaidi.

(e) Kuzuia unyevu. Ukinzani wa megaomu 10 ni mkubwa kiasi kwamba uchafu wa dawa ya kulehemu ukichanganyika na unyevu hufungua njia ya pembeni ya umeme. Bodi ioshwe kwa spiriti, ikaushwe vizuri, kisha ipakwe vanishi.

Ubunifu wa namna hii si mgeni Kongo. Bendi ya Konono No. 1, iliyoanzishwa na Mingiedi Mawangu, iliunda vinasa vya likembe kwa sumaku zilizotolewa katika vipuri vya magari, na miongoni mwa likembe zake ilikuwamo moja ya besi. Albamu yake ya Congotronics ya mwaka 2004 iliufikisha ulimwenguni mlio huo uliokwaruzika, nao ukapendwa. Mkwaruzo huo uligeuka kuwa sehemu ya sanaa yao. Fundi anayejua unakotoka ndiye anayeweza kuamua abaki nao au auondoe.

6.0 Suala la istilahi

Katika Kiswahili, neno kipaza sauti hutumika kwa kifaa kinachopokea sauti na pia kwa kile kinachoitoa. Kifaransa, lugha ya shule nchini Kongo, nacho hutumia neno moja, micro, kwa kifaa cha mwimbaji na kwa kinasa cha gitaa. Mtu anapoambiwa kwamba kasoro iko katika "mikro" au "kipaza", hajaambiwa iko mwanzoni au mwishoni mwa mnyororo.

Ingefaa kutenganisha hatua nne: kinasa, kikuza awali, kikuza nguvu, na spika. Neno kikuza awali lina upungufu wake, maana preampli haikuzi kila mara. Hata hivyo, sehemu yake ya pili inataja jambo la maana zaidi, yaani mahali pa kifaa katika safari ya sauti. Fundi atakayelitumia atakumbushwa kuanza uchunguzi mwanzoni.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba preampli huteuliwa kwa kufuata aina ya kinasa, urefu wa kebo na umeme uliopo. Besi ya sumaku yenye kebo fupi yaweza kuishi bila preampli. Besi ya fuwele haiwezi. Marekebisho yenye faida kubwa ni ya vipande vidogo: rezista ya mlangoni, kapasita ya kutokea, na bodi safi. Kabla ya bendi kuchangishana fedha za spika mpya, yafaa ifungue kwanza kisanduku kidogo kilicho karibu na nyuzi na kupima kilichomo.