Kuwinda ndovu Mlima Kenya: leseni haipo, lakini deni lipo

Wanaotembeza wageni Diani na Watamu wanalijua swali hili. Mgeni kutoka Marekani anauliza leseni ya kuwinda nyati au ndovu hukatwa wapi. Kwao Colorado, mtu huomba kibali kwa idara ya wanyamapori ya jimbo miezi kadhaa mapema, majina hupigiwa kura, na akibahatika hupewa mnyama mmoja, eneo na tarehe. Kisha huingia na bunduki yake kwenye ardhi ya umma. Huku ameona kwenye ramani kuwa msitu wa Mlima Kenya ni wa umma, akadhani mambo ni yale yale.

Juzi nimeulizwa swali hilo na mtu tofauti kabisa. Jamaa yangu analima viazi na mahindi Kiirua, Meru. Yeye hana haja ya pembe za kutundika ukutani. Anachouliza ni hiki: ndovu wanaotumalizia mashamba, mbona matajiri wasiruhusiwe kuwawinda kwa malipo, nasi tupate karo?

Jibu la kisheria ni moja kwa wote wawili: haiwezekani. Zamani iliwezekana. Rais mstaafu wa Marekani Theodore Roosevelt aliteremka Mombasa Aprili 1909, na msafara wake, uliofika hadi Meru, uliua zaidi ya wanyama wakubwa 500. Baadaye nchi iligawanywa kwa vitalu. Mwindaji alikodi kitalu na kulipia kila mnyama. Hayo yaliisha Mei 1977, serikali ilipopiga marufuku uwindaji. Mwaka uliofuata biashara ya pembe na ngozi nayo ikafungwa. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ilikazia fundo hilo: kuwinda kwa burudani ni kosa, na hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo ni kosa.

Msitu kuwa wa umma hakubadilishi lolote. Katiba, kifungu cha 62, inahesabu misitu ya serikali na mbuga kuwa ardhi ya umma, lakini mnyama ni wa taifa popote alipo, hata akiwa katikati ya mahindi yako.

Mgeni asiyeridhika ataambiwa avuke mpaka. Tanzania bado ina vitalu, vinavyosimamiwa na mamlaka ya TAWA, na msimu hufunguliwa Julai. Huko nako mgeni haendi peke yake. Lazima aongozwe na mwindaji bingwa mwenye leseni.

Turudi Kiirua. Ndovu wa huko hutembea kati ya Mlima Kenya, msitu wa Ngare Ndare na Lewa, njia waliyoizoea kabla ya barabara na mashamba. Ndiyo maana karibu na Timau palijengwa njia ya kupita chini ya barabara ya Nanyuki–Meru, nao wakaanza kuitumia. Wanapozidi mahali, serikali huwahamisha. Mwaka 2024, kwenye hifadhi ya Mwea kule Embu, walikuwa zaidi ya 150 mahali panapotosha 50 hivi. Takriban 50 walipakiwa malori hadi Aberdare.

Mimi naunga mkono marufuku. Lakini marufuku ni ahadi yenye pande mbili. Ukimwambia mkulima mnyama huyu si wako, usimguse, basi anachokula mnyama huyo ukilipe wewe. Sheria ya 2013 ilikubali hivyo: Sh5 milioni kwa kifo, Sh3 milioni kwa ulemavu wa kudumu, hadi Sh2 milioni kwa majeraha mengine, na mazao kwa bei ya soko. Kilio cha wakulima ni kwamba malipo huchukua miaka. Mkulima aliyengoja hivyo hangoji leseni. Hutega waya au huweka sumu, na hapo tumempoteza ndovu na tumempoteza mkulima.

Kwa hivyo nilimwambia jamaa yangu, na nawaambia majirani zetu wa Shimba Hills na Taita wanaolala macho kama yeye: ndovu akiingia, msimkabili. Asubuhi piga picha za hasara na nyayo. Ripoti kituo cha KWS kilicho karibu siku hiyo hiyo. Afisa wa kilimo akague kabla hujalima upya. Jaza fomu ya madai, ubaki na nakala, na ufuatilie kwenye kamati ya fidia ya kaunti. Kumbuka sheria inaruhusu dai kukataliwa ikiwa hukuchukua hatua yoyote ya kulinda shamba, kwa hivyo onyesha ua au ulinzi uliokuwepo.

Na mbunge akija kuomba kura, aulizwe bajeti ya fidia ni kiasi gani na italipwa lini.