Kwa nini tunageuza sehemu ya pili?

Ndugu wanafunzi, zaidi ninyi wa darasa la kwanza na la pili,

Katika masomo ya jioni tunaona wengi munaandika: 6 ÷ 3/4 = 6 × 4/3 = 8. Jibu ni sawa. Lakini tukiuliza: «Kwa nini mumegeuza?», munajibu: «Mwalimu alisema hivyo.» Halafu siku ya mtihani mtu anageuza ya kwanza pahali pa ya pili, na pointi zinapotea. Basi tuelezane kidogo.

Kwanza, namba 1. Ukizidisha namba yoyote na 1, haibadiliki: 7 × 1 = 7. Ndiyo sababu kwenye ubao inaitwa «élément neutre»: iko pale, lakini haigeuzi kitu. Katika kujumlisha, kazi hiyo ni ya 0: 7 + 0 = 7.

Pili, kila namba, isipokuwa 0, iko na mwenzake wa kuirudisha kwenye 1. 5 × 1/5 = 1. Tena 3/4 × 4/3 = 12/12 = 1. Mwenzake huyo ndiye «inverse». Musimchanganye na «opposé»: ukijumlisha 5 na -5 unarudi kwenye 0, ukizidisha 5 na 1/5 unarudi kwenye 1. Na 0 yenyewe? Izidishe na namba yoyote, inabaki 0. Haifiki 1 hata siku moja. Kwa hiyo hakuna kugawanya kwa 0.

Sasa tuchukue maji ya kuoga. Tuko na ndoo 6, na kila mtu anapata robo tatu ya ndoo. Ndoo moja iko na robo 4. Mtu anachukua 3, inabaki 1, ni theluthi ya fungu la mwingine. Basi ndoo moja inatoa fungu moja na theluthi, ndiyo 4/3. Ndoo 6 zinatoa 6 × 4/3 = 8: watu 8 wataoga. Munaona? Ile 4/3 inahesabu mafungu ya ndoo moja. Ndiyo maana tunageuza ile tunayogawanya nayo, hapana ingine.

Ni vilevile kwa 5x = 35. Zidisha pande mbili na 1/5: 1x = 7, na ile 1 haigeuzi kitu, x = 7.

Jaribuni: tafuteni mwenzake wa 2/7, wa 9, wa -1/3 na wa 1. (Majibu: 7/2, 1/9, -3, na 1 ni mwenzake yenyewe.) Asiyeelewa atuulize mbele ya mtihani, hapana nyuma.