Jina la Programu Si Dhamana

Katika sarufi ya Kiswahili, umbo la neno halitoshi kuamua upatanisho wake. "Kiboko" na "kisima" huanza kwa kiambishi kimoja, lakini twasema kiboko ameanguka, kisima kimekauka. Hapo huzingatiwa asili ya kitu, wala si mwanzo wa jina lake. Kanuni inayokaribiana na hiyo hutawala ndani ya simu zetu za mkononi, na yafaa walimu na wanafunzi waifahamu.

Mfumo wa Android huipa kila programu nambari yake ya utambulisho inapowekwa katika simu, ili isichungulie mafaili ya jirani yake. Tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014, ukuta huo umeimarishwa kikamilifu na ukuta wa pili uitwao SELinux. Kila programu inapoanza kazi hutiwa katika eneo maalumu la usalama, na lolote lisiloruhusiwa na sheria za eneo hilo hukataliwa.

Programu haijichagulii eneo. Mfumo hutazama, miongoni mwa mengine, sahihi ya kidijitali iliyotiwa na muundaji, na iwapo programu ilikuja na simu kutoka kiwandani. Zenye sahihi ya mtengenezaji wa mfumo hupewa uhuru mpana zaidi. Zile tunazoziweka wenyewe, hata ikiwa ni ya benki mashuhuri, kwa kawaida huingizwa katika eneo ambalo wahandisi waliliita, bila kuuma maneno, la "programu isiyoaminika".

Hata hivyo, ukuta haumfai mwenye nyumba anayefungua mlango kwa hiari. Programu ya mikopo ikiomba kusoma orodha yetu ya nambari za simu, nasi tukakubali, mfumo hutii. Hivyo ndivyo jamaa na waajiri wa Wakenya wengi walivyopigiwa simu kuhusu madeni yasiyowahusu, hata Benki Kuu ya Kenya ikatoa kanuni za kukomesha uonevu huo mwaka 2022.

Basi walimu wenzangu, tuwafunze wanafunzi kuuliza kabla ya kubonyeza. Kamusi ina haja gani na nambari za marafiki zako? Simu yenyewe haikuiamini programu hiyo. Mbona wewe uiamini kwa jina tu?