Kitabu Peke Yake Hakimfundishi Mtoto

Mwaka 1996, shule kadhaa za msingi huko Busia, magharibi mwa Kenya, zilianza kupelekewa vitabu vya kiada bure. Ni eneo la wakulima wadogo, ambako watoto wengi walikuwa wakijifunza kwa kunakili ubaoni tu. Watafiti, akiwemo Michael Kremer aliyekuja kushinda Nobel ya Uchumi mwaka 2019 pamoja na wenzake wawili, walizilinganisha shule hizo na nyingine ambazo hazikuwa zimepata. Wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa tayari wakiongoza darasa.

Tusiwalaumu watoto. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambayo kwa wengi wao ni lugha ya tatu, baada ya Kiteso au Kisamia cha nyumbani na Kiswahili. Aliyekuwa bado akihangaika kuunganisha silabi alikabidhiwa kurasa ambazo hata mzazi wake asingeweza kumsaidia kuzisoma.

Mwaka 2005, katika eneo hilohilo la magharibi, shule ziliongezewa mwalimu wa mkataba ili darasa la kwanza ligawanywe mara mbili. Pale watoto walipogawanywa kwa kiwango walichofikia, wote walisonga mbele, hata waliokuwa nyuma, kwa kuwa sasa mwalimu aliweza kuanzia pale walipo.

Mpango wa Tusome, ulioanza kote Kenya mwaka 2015, ulimpa kila mtoto wa madarasa ya chini kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza, na mwalimu akapewa mwongozo wa kila somo. Lakini kwangu mimi, uzito wa mpango huo ulikuwa kwa afisa wa kusaidia mtaala. Aliingia darasani na kishikwambi chake, akakaa nyuma, akafuatilia somo mpaka mwisho. Kisha aliwaita watoto wachache, mmoja mmoja wakamsomea, naye akahesabu maneno waliyoyasoma sawasawa. Baada ya hapo alikaa na mwalimu wakazungumza: wapi watoto wameelewa, wapi warudie. Idadi ya watoto wasioweza kusoma hata neno moja ilipungua.

Mwalimu wa shule maskini, mwenye darasa lililofurika, kwa kawaida hana wa kumwonyesha hayo. Ili afisa amfikie, Tusome ilimrudishia afisa huyo nauli yake ya kuzungukia shule. Bunge linapopitisha fedha za vitabu, lipitishe na nauli hiyo.