Fahamu: Laminaitisi, maradhi ya kwato za farasi mzee

Laminaitisi ni maradhi yanayozishambulia tando laini zinazoushikamanisha mfupa wa mguu na ukuta wa ukwato, nazo zikidhoofika, mfupa huo huweza kupinda au kuzama, farasi akapatwa na maumivu yasiyo kifani. Ndiyo yaliyosababisha Secretariat, bingwa wa mbio za Marekani wa mwaka 1973, auawe kwa huruma mwaka 1989, akiwa na umri wa miaka 19.

Kwa nini wazee?

Aghalabu asili yake ni hitilafu ya tezi ya pituitari, inayovuruga homoni, na ambayo alama yake dhahiri ni manyoya marefu yasiyopukutika hata majira ya joto yakiwadia. Unene na majani mabichi yenye sukari nyingi huzidisha hatari.

Dalili

Farasi husita kutembea, hasa akigeuka kwenye ardhi ngumu. Husimama akiegemea nyuma, miguu ya mbele ameitanguliza. Kwato huwa na moto, na ukimgusa kwa vidole nyuma ya kifundo, utausikia mshipa ukipiga kwa nguvu.

La kufanya

Mwite tabibu wa wanyama siku hiyo hiyo. Kabla hajawasili, mwondoe farasi malishoni, usimtembeze zaidi ya hapo, mtandikie matandiko mazito, zipoze kwato kwa barafu, na umpe nyasi kavu zilizorowekwa. Tabibu atatuliza maumivu na kupima damu, na ikithibitika hitilafu ya tezi, atamwandikia pegolaidi, dawa ambayo kwa kawaida hutumiwa maisha yote.

Maadamu umeshuku, usingoje farasi alale chini ndipo utafute msaada.