Kadi Mbili za Bima Hazilipi Bili Moja Mara Mbili

Swali linalonifikia kuliko mengine yote, kwa simu, misibani na hata kwenye foleni ya benki, ni hili: "Mtaalamu, nina NHIF ya kazini. Nikikata na ya kampuni binafsi, nikilazwa nitalipwa mara mbili?" Jibu ni hapana. Lilikuwa hapana mwaka jana, na litabaki hapana hata ukiniuliza kwa niaba ya shemeji yako. Nimeamua kuliandika ili atakayefuata nimpe gazeti asome, mimi niendelee na chai yangu.

Tuanze na jambo ambalo wauliza swali hulipita kwa kasi: kadi ya matibabu kwa kawaida haikulipi wewe. Unafika hospitali, unatibiwa, unasaini fomu, hospitali inapeleka madai NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na Mfuko unailipa hospitali. Kadi nyingi za kampuni binafsi zinakwenda mtindo huohuo. Pesa hupita mkononi mwako pale tu ulipotibiwa nje ya orodha ya hospitali zao, ukalipa mwenyewe, kisha ukaomba kurudishiwa. Na hapo ndipo wajanja wanapodhani pana mwanya.

Hapana mwanya. Bima ya matibabu ni bima ya fidia: inakurudisha ulipokuwa kabla ya hasara, haikupandishi zaidi ya hapo. Chukua bili ya shilingi 3,000,000. Kadi yako ya kwanza ina ukomo wa 2,000,000, ya pili ina ukomo wa 5,000,000. Ukijumlisha unapata milioni saba, na bila shaka hiyo ndiyo hesabu aliyokuchorea wakala nyuma ya kipeperushi. Lakini bili ni milioni tatu tu. Kadi ya kwanza itatoa mbili, ya pili itamalizia moja, na habari imeishia hapo. Kama kadi ya kwanza nayo ingekuwa na ukomo wa milioni tano, ya pili isingetoa hata senti. Ungekuwa umeilipia mwaka mzima ikae kwenye pochi. Kanga huuzwa kwa doti, pande mbili zinazofanana, na kila upande una kazi yake mwilini. Kadi za bima haziko hivyo.

Wengine huona huu ni ukatili wa kampuni. Fikiri kidogo. Kama kulazwa siku nne kungekuwa na faida ya milioni mbili, wodi zingejaa watu wenye afya njema, na ada yako wewe usiyeumwa ingepanda mpaka ushindwe kuilipa. Kanuni ya fidia inamlinda mwanachama mwaminifu kabla ya kuilinda kampuni.

Sasa njoo kwenye meza ya madai. Fomu ina swali lisilo na mafumbo: una bima nyingine inayogharamia matibabu haya? Wenye kadi mbili huandika "Hapana" kwa mwandiko mzuri kabisa. Nimewahi kushika stakabadhi iliyoambatanishwa na "Hapana" ya namna hiyo. Mbele ilikuwa safi: jina, tarehe, kipimo, jumla. Nyuma yake palikuwa na muhuri wa bluu wa kampuni nyingine, uliokwanguliwa kwa wembe mpaka karatasi ikatoboka kwenye tarehe. Aliyeikwangua hakujua kwamba kampuni hudai stakabadhi halisi kwa sababu hiyohiyo, na kwamba zinapotilia shaka huulizana. Mkataba wa bima umesimama juu ya kusema kweli. Ukificha jambo la msingi, kampuni inaweza kukataa madai yote, hata yale ya haki, na kuuvunja mkataba. Ukighushi, unakuwa umetoka kwenye mambo ya bima na kuingia kwenye jinai.

Akishasikia haya, muulizaji hurudi na toleo la pili: "Basi ya pili itaziba tobo la ile ya kwanza." Hili lina akili kidogo, lakini mara nyingi nalo si kweli, kwa sababu matobo yenyewe hufanana. Soma sehemu ya mambo yasiyolipiwa katika mkataba wowote wa kampuni: upasuaji wa urembo, matibabu ya kutafuta ujauzito, tiba za majaribio, na mara nyingi ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kujiunga. Kadi ya kwanza ikikataa kwa sababu hizo, usitarajie ya pili ikukubalie kwa huruma.

Kisha kuna suala la muda. Mama amegundulika na uvimbe Jumatatu. Jumatano mtoto wake ananiuliza ni kadi gani ya ziada itagharamia upasuaji. Hakuna. Namwonea huruma, lakini hakuna. Mikataba binafsi ina kipindi cha kusubiri, siku kadhaa kwa magonjwa ya kawaida, miezi kwa upasuaji wa kupangwa, na kwa uzazi mara nyingi karibu mwaka mzima. Fomu ya kujiunga nayo itauliza kuhusu uvimbe huo. Wakala anayekuambia "usiuandike, watajuaje" hatakuwepo siku daktari atakapoandika kwenye faili kwamba dalili zilianza kabla hujasaini.

Tobo la tatu limejificha ndani ya tarakimu kubwa. Kadi inayotangazwa kwa ukomo wa milioni 20 inaweza kuwa na ukomo wa ndani wa milioni moja na nusu kwa uzazi, laki tatu kwa meno na laki mbili kwa miwani. Anayenunua kadi ya pili kwa sababu ya ile milioni 20, wakati anachokihitaji ni kujifungua kwa upasuaji, amenunua milioni moja na nusu kwa bei ya ishirini.

Kadi ya pili ina maana lini? Katika mambo mawili. La kwanza ni kiasi, pale ukomo wa kadi ya kwanza ni mdogo kweli na umeuona kwa macho. La pili ni mahali. Machi 2024, hospitali kadhaa binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wa NHIF kwa kutokubaliana na bei za kitita kipya cha Mfuko. Aliyekuwa na kadi nyingine inayopokelewa pale hakubabaika. Hiyo ni hoja ya haki. Lakini ukiona hoja yako haihusu kiasi wala mahali, acha.

Kinachonichosha zaidi ni kwamba bima zinazolipa mara mbili zipo, na watu walewale wanaziruka. Bima ya maisha, bima ya ajali binafsi na bima ya magonjwa makubwa hazifuati hesabu ya bili. Mkono uliokatika hauna stakabadhi, wala baba aliyefariki hana bei ya kurudisha, kwa hiyo kampuni na mteja hukubaliana kiasi mapema, na tukio likitokea kiasi hicho hulipwa kama kilivyo. Ukiwa na mikataba miwili ya ajali katika kampuni mbili, na ukawa umeitaja yote kwenye fomu, zote mbili hulipa. Watu wanarudufisha kisichorudufika, na kinachorudufika wanasema ni cha matajiri.

Na hiki ndicho wanachokihitaji zaidi. Mchukue muuza samaki wa soko la Feri aliyelazwa wiki tatu. Tuseme kadi yake imelipa kitanda, vipimo, dawa na upasuaji, bila tatizo lolote. Anatoka hospitali na kukuta mtaji umeliwa, marejesho ya kikoba yamelala wiki tatu, ndugu aliyekuwa akimpelekea uji asubuhi na jioni anadai nauli, na kodi ya nyumba imepita tarehe. Hakuna kadi ya hospitali yenye kipengele cha marejesho ya kikoba. Kuna nyumba nyingi zinazofilisika wakati bili imelipwa yote.

Kabla hujanunua chochote, angalia ulichokwisha kulipiwa. Kama umeajiriwa Tanzania Bara, mwajiri wako anatakiwa akuchangie Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, bila kukukata wewe. Ukiumia kazini au ukipata ugonjwa unaotokana na kazi, Mfuko huo unahusika na matibabu, fidia ya ulemavu, na wategemezi wako ukifariki. Wengi hutumia kadi ya kawaida wanyamaze, kisha ukomo ukiisha wananitafuta. Mwambie mwajiri siku hiyohiyo, na iandikwe.

Umegongwa na gari? Bima ndogo ya gari, ile ya lazima kisheria, ipo kwa ajili yako uliyegongwa, haipo kwa ajili ya bati la mwenye gari. Chukua fomu ya PF3 polisi, nakili namba ya gari na jina la kampuni iliyoandikwa kwenye bima yake, na uhifadhi kila stakabadhi. Maelewano ya kando ya barabara ya laki moja "tuyamalize kiutu uzima" ndiyo yanayokuponza mguu unapoanza kuoza mwezi wa pili.

Mshahara nao una ulinzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Kwa hiyo mwalimu aliyeajiriwa na yule muuza samaki anayejiajiri hawahitaji bima ya ziada ya aina moja. Mwalimu ana miezi miwili ya kupumua. Muuza samaki hana hata siku moja.

Sasa machaguo yenyewe, haraka haraka.

Bima ya ajali binafsi: ada yake kwa kawaida ni ndogo, hulipa kifo, ulemavu wa kudumu, na mingine kiasi cha kila wiki ukiwa huwezi kufanya kazi. Angalia kama kazi yako imetengwa. Waendesha bodaboda, wapanda nguzo na wavuvi waulize kwanza, walipe baadaye.

Bima ya magonjwa makubwa: hulipa kwa mkupuo ukigundulika na ugonjwa uliotajwa kwenye orodha. Soma tafsiri ya kila ugonjwa, maana saratani ya hatua za awali mara nyingi haimo. Uliza kuhusu kipindi cha kusubiri, na ni siku ngapi unatakiwa uwe hai baada ya kugundulika ndipo ulipwe.

Bima ya fedha za kulazwa: hutoa kiasi kwa kila usiku wodini. Hii ndiyo ya muuza samaki. Uliza inaanza usiku wa ngapi, na ina kikomo cha usiku ngapi kwa mwaka. Usidhani ni bima ya matibabu, haimlipi daktari.

Bima ya maisha: kwa mwenye wategemezi. Bima ya mkopo uliyokatwa benki humlipa mkopeshaji deni lake. Watoto hubaki na nyumba isiyodaiwa, si na ada ya shule.

Bima ya safari: kadi ya nyumbani usiitegemee nje ya mipaka mpaka uone imeandikwa hivyo. Anayeomba viza ya nchi za Schengen hutakiwa kuwa na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000.

Nyongeza ya meno na macho: piga hesabu. Ada ikiwa laki mbili na ukomo laki mbili na nusu, weka pesa yako benki.

Kadi ya pili ya hospitali: uliza inaanza kulipa wapi. Kuna zinazolipa tangu shilingi ya kwanza, na kuna zinazoanza pale tu ya kwanza ilipoishia. Za aina ya pili ndizo zenye maana kwa mtu mwenye kadi tayari, na kwa kawaida ni nafuu zaidi.

Ukishachagua, hakikisha kampuni na wakala wana leseni ya TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Ada ipeleke kwenye akaunti ya kampuni, isiende kwenye namba ya simu ya wakala, kwa sababu bila ada kufika hakuna bima, hata kama una karatasi yenye nembo. Taja kila ugonjwa ulionao na kila bima uliyonayo. Wakikataa madai yako bila sababu ya maana, wadai jibu la maandishi, kisha uende kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ofisi yake iko kisheria kwa kazi hiyo.

La mwisho. Kipeperushi hakikufungi wala hakikulindi. Kinachokulinda ni mkataba. Omba nakala yake nzima kabla ya kulipa, ufungue ukurasa wa mambo yasiyolipiwa, uusome ukiwa umekaa, na kama Kiingereza chake kinakushinda, tafuta wa kukusomea asiyepata kamisheni. Wakala akisema mkataba utaupata baada ya malipo, mshukuru, uondoke na pesa yako.